Lubumbashi: Treni ya vita ya 1915 yajengwa upya Kasungami kwa fil na mikebe

Katika mtaa wa Kasungami, komini ya Annexe mjini Lubumbashi, kuna ubao wa metre mbili na nusu uliowekwa juu ya bidoni nne za njano. Juu ya ubao huo kuna reli. Juu ya reli kuna gari la moshi dogo linalovuta mabehewa mawili yasiyo na kuta, na kila behewa limebeba mashua moja ya mbao yenye urefu wa sentimita 19. Si kitu cha kununuliwa dukani. Reli ni fil ya chuma, magurudumu ni sandali za mpira zilizochakaa, na injini ilikuwa mkebe wa maziwa.

Mwandishi wa habari hii ni mmoja wa waliojenga. Wengine ni watoto wawili wa dada yangu, wa miaka 11 na 14, pamoja na nkambo wetu aliyefanya kazi ya reli tangu 1964, wakati kampuni ilikuwa bado inaitwa BCK. Nkambo haoni tena vizuri. Ndiyo sababu tulianza kazi hii mwaka huu bila kungoja mwaka kesho.

Kila mtoto wa Lubumbashi amewahi kukunja fil na kutengeneza gari la kusukuma. Sisi tulitaka kwenda mbele kidogo: kujenga treni ya kweli iliyopita hapa, kwa vipimo vyake, na reli yake tuitengeneze sisi wenyewe. Tulichagua treni ya vita iliyopita mjini mwetu mwezi wa Julai 1915.

Mashua mbili juu ya reli

Reli ilifika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, tarehe 27 Septemba 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania. Miaka minne baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na ziwa Tanganyika likawa mpaka wa vita. Ng'ambo ya mashariki walikuwa Wajerumani, ng'ambo ya magharibi Wabeleji. Wajerumani ndio walitawala maji, na reli yao kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka wa 1914. Kwa reli hiyo walileta vipande vya meli kubwa, Graf von Götzen, vikaungwa Kigoma, na meli ikaingia majini mwaka wa 1915.

Waingereza waliamua kupeleka mashua mbili za vita ziwani. Ziliitwa Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa metre 12 hivi. Zilivuka bahari kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha zikapandishwa juu ya mabehewa na kusafiri kwa reli zaidi ya kilomita 3,000, chini ya uongozi wa afisa Geoffrey Spicer-Simson. Mwisho wa Julai 1915 treni hiyo ilikuwa Élisabethville. Mwanzoni mwa Agosti ilifika Fungurume, na hapo reli ilikwisha. Bukama ilikuwa bado haijafikiwa; reli ya BCK ilifika kule mwaka wa 1918 tu.

Kutoka Fungurume mashua zilivutwa nchi kavu, kuvuka milima ya Mitumba, kwa mashine mbili za mvuke na ng'ombe wengi. Barabara ilikatwa porini na madaraja zaidi ya mia yakajengwa kwa miti. Mwisho wa Septemba zilifika Sankisia. Hapo kipande kifupi cha reli kilizifikisha Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, na treni nyingine ikazipeleka Kalemie mwisho wa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 meli Hedwig von Wissmann ikazama. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916, ikafufuliwa baadaye na kupewa jina la Liemba, ambalo wasafiri wa Kigoma na Kalemie wanalijua.

Kila kitu kugawanya kwa 64

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu. Reli ya Katanga ina upana wa milimita 1,067. Tulichagua kipimo cha moja kwa 64, maana yake kila kitu cha kweli kinagawanywa kwa 64. Upana wa reli unakuwa milimita 16.7. Mashua ya metre 12 inakuwa sentimita 19. Taruma la metre mbili, lile ambalo wafanyakazi wa reli huita traverse, linakuwa milimita 31. Mtu mzima wa metre 1.70 hafikii sentimita 3.

Baadhi ya wapenzi wa treni ndogo wanakipenda kipimo hiki kwa sababu reli ndogo za kawaida za dukani zina upana wa milimita 16.5, na tofauti haionekani kwa macho. Sisi hatukuwa na duka kama hilo. Lakini hesabu ilitupa zawadi: reli ya kweli yenye kimo cha sentimita 12 hivi, ukigawanya kwa 64, inakaribia milimita 2. Na fil ya milimita 2 inauzwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Fil ya shaba tuliikataa. Mjini kwetu mara nyingi haijulikani shaba ya barabarani imekatwa kwenye laini gani ya umeme, na hatukutaka kuwafundisha watoto kufumba macho.

Mataruma tuliyachonga kwa mbao za kasha la matunda, moja baada ya jingine, zaidi ya mia mbili. Kila la tano tulilivika ukanda mwembamba wa bati lililokatwa kwenye mkebe, likapigiliwa msumari mdogo. Mataruma yakagandishwa kwenye ubao kwa gundi nyeupe ya maseremala, milimita 11 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kisha fil ikanyooshwa: unafunga ncha moja kwenye mti, unavuta nyingine kwa koleo mpaka inyooke. Inasuguliwa kwa msasa mahali pa kuunganishia, halafu inachomelewa kwenye yale mataruma yenye bati kwa chuma cha moto cha mafundi wa radio. Mwishoni tulimwaga mchanga uliochekechwa katikati ya mataruma, ukashikwa na gundi iliyochanganywa na maji.

Ili upana usibadilike, tulitengeneza kigezo: kipande cha mbao chenye mikato miwili ya msumeno ambamo fil mbili zinaingia wakati wa kuchomelea. Hapo ndipo tulipokosea.

Vidole vya nkambo

Kila gurudumu ni duara dogo la mpira wa sandali lililobandikwa kwenye duara kubwa zaidi la bati. Duara la bati ndilo linalozuia gari kutoka njiani, na linakaa upande wa ndani wa reli. Ekseli ni kipande cha sipoku ya baiskeli. Behewa la kwanza lilipowekwa kwenye reli, lilipanda juu ya fil na kuanguka. Tulilirudisha, likaanguka tena. Mtoto mkubwa alisema magurudumu ni mabaya. Tulitengeneza mengine. Yakaanguka pia. Kazi ya majuma matatu ilionekana kuwa bure.

Nkambo aliomba ubao uletwe karibu na kiti chake. Hakuuliza kitu kuhusu magurudumu. Alipitisha vidole viwili juu ya reli taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha akauliza tulipima kutoka wapi mpaka wapi. Tulimjibu: kutoka katikati ya fil moja hadi katikati ya nyingine. Akacheka. Akaeleza kwamba katika kazi yao upana wa reli hupimwa kati ya nyuso za ndani, pale gurudumu linapogusa. Kwa kupima katikati hadi katikati tulikuwa tumeiba milimita 2, na kwenye treni ya kweli hizo ni karibu sentimita 13. Hakuna treni inayoweza kupita hapo.

Tulibomoa yote. Mara ya pili watoto ndio waliopima, na nkambo alikagua kila sentimita 20 kwa vidole. Mahali reli inapopinda alituamuru tupanue kidogo, nusu ya milimita tu, kwa sababu magurudumu yanahitaji nafasi kwenye kona. Katika kipande kimoja cha reli alikuta kosa tusiloliona sisi wenye macho. Behewa lilipopita mpaka mwisho bila kuanguka, mtoto mdogo alilirudisha na kulipitisha tena, mara kumi au zaidi.

Watu wako wapi?

Injini ilikuwa rahisi: bati lililozungushwa kwenye mpini wa ufagio, bomba la moshi, na behewa la kuni nyuma. Haina mota, tunaivuta kwa uzi. Mashua zilichongwa kwa mti laini na kufunikwa nusu kwa kitambaa, kama vile mashua za kweli zilivyohitaji kulindwa na cheche za injini.

Mama mmoja jirani alitusimamisha siku moja. Alitaka kujua kwa nini tunawapa watoto mchezo wa vita, wakati kila siku redio inatangaza habari za Goma na Bukavu na jamaa zake wa kule wamekimbia nyumba zao. Swali hilo ni la haki. Hapa Lubumbashi pia reli inakumbuka vita: mwezi wa Desemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walipigana na wanajeshi wa Katanga kwenye tunnel ya reli, na watu walikufa. Tulizungumza nyumbani jioni hiyo. Mimi na Toutou zilikuwa na mzinga na bunduki ya mashine kila moja. Tuliamua kutoziweka. Mashua zetu zinasafiri tu.

Lakini mtoto mdogo ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha kazi yetu. Tulikuwa tumeweka mtu mmoja, afisa wa Kiingereza, amesimama kando ya behewa. Akauliza wengine wako wapi.

Habari za safari hii zimeandikwa sana, na karibu zote zinamfuata Spicer-Simson. Kikosi chake kutoka Uingereza hakikuzidi watu thelathini. Lakini waliokata miti na kujenga madaraja walikuwa watu wa Katanga. Husimuliwa pia kwamba mashine za mvuke zilipokosa maji milimani, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa mitungi kichwani. Hao hawana majina katika vitabu. Vita hivyo hivyo vilichukua maelfu ya wapagazi wa Kongo kufuata jeshi la Force Publique, ambalo chini ya jenerali Tombeur liliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Wengi hawakurudi.

Nkambo alikuwa na lake pia. Treni, alisema, haitembei kwa sababu ya dereva. Inatembea kwa sababu kuna kantoniye aliyeamka asubuhi kukaza misumari ya reli. Basi watoto walikunja fil nyembamba na kuivika vitambaa. Sasa kando ya reli yetu kuna wanaume saba wenye nyundo na makoleo, na mbele ya injini, kwenye kilima cha udongo, kuna wanawake kumi na wawili wenye mitungi. Afisa bado yupo. Ila lazima umtafute.

Ubao unaofuata

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji uvumilivu, rula nzuri na mtu mzima karibu na chuma cha moto. Kwa familia inayotaka kujaribu, shauri letu ni moja: anzeni na reli, metre moja tu, na msitengeneze gari lolote kabla ekseli moja haijapita juu yake bila kuanguka. Na watoto waambiwe wazi kwamba reli ya kweli si mahali pa mchezo.

Sisi tumeanza ubao wa pili, wa Kabalo hadi Kalemie. Kuna jambo jipya la kuhesabu. Zamani reli ile ya kampuni ya CFL ilikuwa na upana wa metre moja kamili, si milimita 1,067, na ilipanuliwa baadaye tu ili iungane na reli ya Katanga. Kwa kipimo chetu hiyo ni milimita 15.6, pungufu ya milimita moja hivi. Mtoto mkubwa alidhani hakuna atakayeitambua tofauti hiyo.

Mdogo wake alimwonyesha nkambo kwa kidole, naye akachukua rula.