Je, Wajua? Mnyama wa Shujaa na Jina Lake

Je, wajua kwamba Shadowfax, farasi wa mchawi Gandalf katika The Lord of the Rings, aliitwa kwa rangi yake? J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa bingwa wa Kiingereza cha kale. Alichukua neno la kivuli na neno la nywele akayaunga: mwenye singa za kivuli.

Je, wajua kwa nini masimulizi ya kwetu hayana farasi? Muulize mbung'o. Palipo na nagana, ugonjwa anaoueneza, farasi hadumu. Ukitoka Karambi kwenda Bwera utapishana na mbuzi, ng'ombe na pikipiki. Farasi utamwona kwenye kalenda.

Ndiyo maana mnyama maarufu wa mashujaa wa Kitara, ufalme wa kale wa kwetu, ni ng'ombe. Mugenyi, mmoja wa Bachwezi, watawala-miungu wa masimulizi, alimpenda Bihogo wake hata akaapa kwamba ng'ombe huyo akifa, naye hataishi. Bihogo akafa. Mugenyi akataka kujiua, wenzake wakamzuia, lakini shangazi yake hakumwacha apumue: akamsimanga kwa kiapo alichoshindwa kukitimiza. (Shangazi ni shangazi, hata kwa miungu.) Haukupita muda, Bachwezi wakatoweka nchini. Na jina Bihogo? Rangi vilevile: ng'ombe mwekundu aliyekoza. Tolkien na wachungaji wa Kitara walikuwa na fundi mmoja wa majina. Mugenyi naye ameachiwa jina kubwa: ngome za udongo za Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga, zenye mahandaki ya zaidi ya kilomita 10.

Je, wajua kwamba farasi wa Aleksanda Mkuu aliitwa Kichwa cha Ng'ombe? Ndiyo maana ya Bucephalus kwa Kigiriki. Alipokufa mwaka 326 KK, bwana wake alianzisha mji akaupa jina la farasi huyo, katika nchi ambayo leo ni Pakistani.

Je, wajua kwamba Don Quixote alitumia siku nne kumtafutia farasi wake jina? Mwaka 1605 mwandishi wake, Cervantes, alimpa mkongwe huyo aliyebaki mifupa jina la Rocinante, lenye maana ya farasi dhaifu wa zamani. Siku nne, na bado jina linamsuta.

Je, wajua kwamba Buraki, mnyama wa safari ya Miraji, jina lake linahusishwa na neno la Kiarabu la umeme wa radi?

Je, wajua kwamba bodaboda ya kwetu Mpondwe ilipata jina lake kule Busia? Waendesha baiskeli wa mpaka wa Kenya na Uganda walinadi "boda, boda!" kuwavusha wasafiri. Baiskeli ikageuka pikipiki, jina likakataa kubadilika.

Je, wajua shujaa gani hakuhitaji kipando? Fumo Liyongo wa pwani. Masimulizi yanasema safari ya siku kadhaa hadi Pate aliimaliza kwa siku moja, kwa miguu.