Banj ya Vitabuni na Bangi ya Majumbani

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria ya nchi nzima ikaidhinisha miche minne kwa kila nyumba, ingawa jimbo la Quebec lilikataza kupanda nyumbani. Ujerumani ikafuata tarehe 1 Aprili 2024, kwa miche mitatu kwa kila mtu mzima. Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi katika nchi hizo, na husikika hoja tatu kwamba hapana ubaya kuipanda chumbani: mmea ni kiumbe cha Allah, serikali imeruhusu, na vitabu vya fiqhi vimeruhusu "banj". Tuzitazame moja moja, tukianza na hii ya mwisho.

Banj ya matabibu na mafuqaha si bangi yetu. Ni mmea mwingine kabisa, wenye sumu, unaoleta usingizi na kuvuruga akili. Mafuqaha waliutaja katika mlango wa dharura, kama mtu anayetaka kukatwa kiungo kilichooza asihisi maumivu. Neno banj limetoka katika Kifarsi, na neno letu bangi lina asili hiyo hiyo ya Kifarsi na Kihindi. Lakini majina kufanana hakuvifanyi vitu kuwa kimoja. Hata hiyo banj haikuruhusiwa kwa starehe. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H/1567), katika kitabu chake az-Zawajir, ameihesabu kula kwake pamoja na hashishi na afyuni miongoni mwa madhambi makubwa.

Bangi yetu vitabuni inaitwa hashisha, au qinnab ya Kihindi. Tabibu Ibn al-Baytar (aliyefariki 646 H/1248) ameeleza kuwa aliiona Misri ikipandwa katika bustani. Maimamu wanne hawakuizungumzia, kwani haikuenea katika zama zao. Ilipoenea, wanazuoni waliiharamisha kwa Hadithi zinazokataza kila chenye kulevya. Ikhtilafu yao ni katika mengine. Ibn Taymiyya (728 H/1328) aliona mlaji wake apigwe hadi kama mnywaji wa pombe. Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik (684 H/1285) aliona adhabu yake ni taaziri, na kwamba si najisi. Az-Zarkashi wa madhehebu yetu ya Shafii (794 H/1392) aliitungia kitabu kizima cha kuiharamisha. Basi anayechukua ikhtilafu ya adhabu akaifanya ikhtilafu ya uhalali amechanganya milango miwili.

Ama hoja kwamba ni mmea tu, tunakubali kuwa mmea peke yake hauna dhambi. Mzabibu nao ni mmea, na zabibu ni halali. Lakini mafuqaha wetu wameharamisha kumuuzia mtu anayejulikana kuwa atazikamua pombe. Qinnab vilevile ina manufaa: nyuzi za shina husokotwa kamba, na mbegu huliwa na kutoa mafuta. Hukumu inarejea kwenye kusudio, kwa kaida kuwa mambo huzingatiwa kwa makusudio yake.

Na kusudio la anayepanda chumbani linaonekana katika kazi yake. Mmea huu, kama mpapai na mtende, una dume na jike, na mbegu kwa kuitazama haikuonyeshi ipi ni ipi. Takriban nusu hutoka madume. Mwenye kutaka kamba huhitaji mashina, na mwenye kutaka mbegu hulihitaji dume ili jike lizae. Huyu wa chumbani hung'oa madume yote na kubakisha majike, kwa sababu jike lisilopata chavua halizai mbegu, bali huzidisha utomvu katika maua yake, na humo ndimo kilevi kilimo kwa wingi. Hataki kamba wala mbegu. Kimebaki nini ila ulevi? Kitendo chake kimekwisha kumtolea ushahidi, na njia ya haramu ina hukumu ya haramu.

Ama ruhusa ya serikali, huko huko pombe huuzwa madukani hadharani, na hapana Muislamu anayesema imekuwa halali kwa hilo. Sheria ya nchi imemwondolea mtu kifungo, haikumwondolea hisabu. Huku kwetu Tanzania na Kenya, kuipanda bila idhini ni kosa mbele ya sheria pia.

Kuhusu tiba, dawa ya kifafa iliyotolewa katika mmea huu iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, nayo hutolewa kwa kipimo na kwa cheti cha daktari. Mlango huo ni wa mgonjwa na daktari mwaminifu. Haufunguliwi kwa kuweka taa na vyungu chumbani.

Wazazi mlio ughaibuni, waelezeni watoto wenu hukumu hii pamoja na sababu zake, kwani kijana aliyeambiwa "haramu" bila dalili hutikiswa na hoja ya kwanza atakayokutana nayo.

Wallahu A'lam.