Ordinatere yako inaamini kila kitu unachochomeka



Ile mwaka niliandika memware yangu ya lisansi mu agronomia, nilitoka Misisi na kle ya USB mfukoni, nikaenda kuprinti kwenye sekretaria moja ya Baraka. Kurudi nyumbani nikaichomeka kwenye mashine yangu: folda za mihogo zote zimegeuka rakursi. Virusi ikaingia na mu mashine. Nililaumu ile sekretaria. Lakini ni mimi niliacha mlango wazi.

Tuone namna inapita. Ukichomeka kitu kwenye USB, chenyewe ndicho kinajitambulisha: «mimi ni kle», «mimi ni klavye», pamoja na namba ya kiwanda. Sistemu haiombi ushahidi. Inatafuta programu ya kukiendesha, kazi inaanza. Ni kama mgeni anabisha usiku, anasema ni mjomba, munamupa funguo bila kuwasha taa.

Mwaka 2014, kwenye mkutano wa Black Hat kule Las Vegas, Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba programu ya ndani ya kle inaweza kubadilishwa, kle ijiite klavye. Ikishakubaliwa, inaandika amri yenyewe, haraka kuliko vidole vya mtu. Antivirusi inachunguza faili, na hapa hakuna faili ya kuchunguza.

Simu zilijifunza kuuliza. iPhone, tangu iOS 7 ya 2013, inakuuliza kama unaiamini ordinatere. Android 6 ya 2015 ikaanza kuchaji tu, mpaka wewe mwenyewe uruhusu data. Sisi tunaochajisha simu kwa watu, hiyo inatusaidia sana.

Ordinatere nayo inafundishwa. Kwenye Linux kuko USBGuard, ya bure. Unaiandikia kwanza orodha ya vitu vyako, klavye yako ikiwemo, kama sivyo utajifungia inje. Kisha kila kigeni kinakataliwa mpaka ukiruhusu. Kwenye Windows Pro, msimamizi anaweza kuzuia vifaa vipya visiinstaliwe. Kwa Windows yoyote, zima otopleyi.

Lakini tusijidanganye: orodha inachunguza kifaa, si faili zake, na namba ya kiwanda inaweza kuigwa. Njo maana unapoenda kuprinti, beba PDF peke yake kwenye kle, orijinali ibaki nyumbani, na ukirudi pitisha antivirusi kwanza.

Sisi wa agronomia tunajua hii kazi. Ugonjwa wa mozaiki unaingia shambani ndani ya miti ya mihogo tuliyopewa na jirani mwema. Hatumkatai jirani, ila tunauliza miti imetoka shamba gani mbele ya kupanda.

Mwenye kuendesha sekretaria, anzia kwako: mashine yako inapokea kle ya kila mtu.