Paa Lisilo na Kuta

Isiolo, neno kambi ni anwani. Huyu anakaa Kambi ya Juu, yule Kambi Garba, mwingine Kambi Odha, na hakuna anayejihesabu msafiri. Mji wenyewe ulikulia kambini: askari wa Kisomali waliopewa makao baada ya Vita Kuu ya Kwanza, karantini ya mifugo, kisha wanajeshi. Watu walifika wakiwa na nia ya kupita, wakazaa, wakazika, wakabaki.

Ndiyo maana naona mji huu una macho ya kulielewa jengo ambalo Wamethodisti wa Marekani waliliita tabernakulo. Mkatoliki akisikia jina hilo hufikiria kisanduku kitakatifu cha Ekaristi. Hapa tunazungumzia kitu kingine: paa pana lililosimama juu ya nguzo, pande zote wazi, katikati ya uwanja ambapo watu hupiga kambi siku kadhaa ili wasali pamoja. Wengi huliona jengo la namna hii kama kanisa ambalo halijakwisha, linalongoja fedha za kujengea kuta. Naamini limekwisha, na ule uwazi wake ni sehemu ya mahubiri.

Tuanze na jina. Tabernakulo ni neno la Kilatini lenye maana ya hema, na linaturudisha kwenye kitabu cha Kutoka, Waisraeli walipoagizwa kumjengea Mungu maskani jangwani. Mbao zilikuwa za mshita, mti wa jamii ya migunga inayotuzunguka hapa. Mapazia ya kuifunika maskani yalifumwa kwa singa za mbuzi, na juu yake zikatandazwa ngozi. Kambi ilipong'oka, kila ukoo wa Walawi ulikuwa na mzigo wake: Wagershoni mapazia, Wamerari mbao na nguzo, Wakohathi vyombo vitakatifu. Mama wa Kiborana aliyewahi kuifungua nyumba yake, akapanga fito na mikeka juu ya ngamia na kuisimamisha tena kwenye malisho mapya, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia sura hizo.

Mikutano ya kambi ilishika moto Kentucky. Agosti 1801, mahali paitwapo Cane Ridge, maelfu ya watu walikusanyika kwa siku kadhaa. Wenyeji walikuwa Wapresbiteri, na Wamethodisti walihubiri bega kwa bega nao. Baadaye Wapresbiteri wengi waliingiwa na shaka, lakini Wamethodisti, wakihimizwa na Askofu Francis Asbury, waliushika mtindo huo. Wakulima walitawanyika mbali mbali na wahubiri walikuwa wachache. Ilikuwa rahisi kuwaita watu mahali pamoja kuliko kujenga kanisa kila kijiji.

Mwanzoni walikaa chini ya miti. Kisha walisimamisha miti na kuiezeka matawi. Matawi yalipochosha, wakaweka nguzo za mbao na paa la kudumu, na kuzunguka paa hilo vibanda vya familia vikajipanga. Kule Indian Field, South Carolina, vibanda 99 vya mbao vimelizunguka jengo la ibada tangu 1848, na hadi leo vinaitwa mahema. Kule Oak Bluffs, Massachusetts, kambi ilianza 1835, na 1879 waumini walisimamisha tabernakulo ya chuma ambayo ingali inatumika.

Tazama jinsi jengo hilo linavyofanya kazi. Mabenchi yanaelekea jukwaa la mhubiri. Mbele ya jukwaa huachwa nafasi na benchi la waliotubu, ili anayeguswa na neno awe na pa kwenda. Mara nyingi sehemu ya juu ya paa huinuliwa na kuachiwa matundu, hewa ya moto ipande na kutoka. La muhimu zaidi ni ukingo. Asiye na hakika na imani yake anaweza kusimama nje ya nguzo ya mwisho, akasikia kila neno, asiulizwe chochote. Akisogea hatua tatu yumo ndani. Hakuna mlango unaomlazimisha aamue kabla hajawa tayari.

Na Kenya? Umethodisti ulifika pwani mwaka 1862, Thomas Wakefield alipoanza kazi ya kanisa la United Methodist Free Churches, ambalo lilijenga misheni Ribe kwa kuelekezwa na Ludwig Krapf. Mwaka 1912 ulifika Kaaga, Meru, na kutoka milima ile ukateremka hadi nyanda zetu. Uingereza, walikotoka wamisionari hao, pia ilikuwa imeonja kambi: tarehe 31 Mei 1807, Hugh Bourne na wenzake walikusanya watu juu ya kilima cha Mow Cop kusali siku nzima. Mkutano Mkuu wa Wamethodisti ulilikataa jambo hilo, na waliokataliwa wakaanzisha kanisa lao, Primitive Methodist. Mwaka 1932 kanisa hilo liliungana na warithi wa Wakefield pamoja na Wawesley. Kwa hiyo Kanisa la Methodisti Kenya lilipojitegemea mwaka 1967, Mow Cop ilikuwa tayari sehemu ya urithi wake.

Neno kambi lenyewe tunalo pia katika ibada. Wasabato wetu huenda makambi kila mwaka, na desturi hiyo ina damu ya Kimethodisti: Ellen White, mmoja wa waasisi wao, alilelewa katika familia ya Kimethodisti.

Sasa tuirudishe hoja kwenye jua la Isiolo. Ukumbi wa mawe wenye madirisha madogo na mabati ya chini huwa tanuri ifikapo saa saba mchana. Paa lililoinuliwa, lisilo na kuta, linatoa kivuli na kuacha upepo upite. Mabati yale yale hukinga maji: paa la mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 10 ikilinyeshea, hupokea lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20, ukitoa kidogo kinachopotea. Siku za wiki, kivuli hicho hicho kinaweza kuwa darasa, kliniki ya watoto au mahali pa wazee kupatanisha watu.

Uwazi una masharti yake. Kusini mwa Marekani, watu weusi, wengi wao watumwa, waliketishwa nyuma ya jukwaa, mhubiri akiwapa kisogo. Kuta hazikuwapo, lakini ubaguzi ulikuwapo. Wengine walilazimika kuanzisha kambi zao wenyewe. Fundi anaweza kuziacha kuta. Kumpa kila mtu nafasi ni kazi ya waumini wenyewe.

Sharti la pili ni sauti. Wahubiri wa kwanza wa kambi walitegemea vifua vyao. Leo tuna spika, nasi tunaishi ukuta kwa ukuta na misikiti, na pia na wagonjwa na watoto waliolala. Paa lisilo na kuta halimzuii jirani kusikia, kwa hiyo anayelijenga amejifunga kupima sauti yake mwenyewe. Anayetaka kusikia atasogea hadi ukingoni, na mahali pake pale penye nguzo ya mwisho paachwe wazi.