Mkojo ukikuponyoka unaporuka kamba, hauko peke yako

Jumamosi asubuhi uko jimu. Muziki uko juu, kocha anasema turuke kamba, nawe unaruka. Raundi ya pili unahisi matone. Unajifanya kamba za viatu zimelegea, unainama kidogo, kisha unaponyoka kuelekea msalani. Wiki inayofuata unavaa taiti nyeusi na sodo, au unaacha kwenda kabisa. Marafiki huwaambii. Utaanzia wapi?

Wengi wetu hudhani haya ni mambo ya akina nyanya, au ya mama aliyejifungua mara tano. Dkt Ingrid Nygaard, mtafiti wa Marekani wa matatizo ya kibofu na misuli ya nyonga, aliamua kuwauliza mabinti wenyewe. Mnamo 1994, yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanamichezo 144 wa kike wa chuo kikuu. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 20, na hakuna aliyekuwa amezaa. Asilimia 28 walikiri kwamba mkojo huwavuja wakiwa mchezoni.

Kumbe mchezo wenyewe una maneno. Kwenye jimnastiki na mpira wa vikapu, takriban wawili kati ya watatu walikuwa na shida hiyo. Kwenye gofu, hakuna hata mmoja.

Sababu ni hii. Kibofu kimekaa juu ya misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, mithili ya mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Ukiruka na kutua, tumbo hukisukuma kibofu kwa nguvu. Misuli hiyo inafaa kukaza papo hapo ili mrija wa mkojo ubaki umefungwa. Ikichelewa au ikilegea, matone yanatoka. Si uchafu, na si eti wewe ni mzembe.

Basi uache kuruka? Nygaard alilifuata swali hilo pia. Mnamo 1997 alichapisha utafiti kuhusu wanawake walioshiriki Olimpiki kati ya 1960 na 1976. Enzi zao, asilimia 35.8 ya wale wa jimnastiki na riadha walivujwa na mkojo wakishindana, ilhali kwa waogeleaji ilikuwa asilimia 4.5 tu. Lakini miaka mingi baadaye, tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili haikuonekana tena. Utafiti ulikuwa mdogo, ila haukutoa sababu ya kumtoa msichana uwanjani.

Habari njema ni kwamba misuli hii hufunzwa kama misuli mingine. Nchini Norway, mtafiti Kari Bø na wenzake walichapisha mnamo 1999 jaribio lililolinganisha tiba kadhaa. Kundi la mazoezi lilikaza misuli ya nyonga mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, kwa miezi sita, na kukutana na mtaalamu kila wiki. Mwishoni, wanawake 14 wa kundi hilo walisema hawana tatizo tena. Katika kundi ambalo halikupewa tiba, ni mmoja tu.

Unafanyaje? Kaza kana kwamba unazuia ushuzi ndani ya matatu iliyojaa. Vuta kwenda ndani na juu, shikilia sekunde chache, kisha legeza kabisa. Usibane makalio wala mapaja, na usizuie pumzi.

Usidanganyike kwamba ni rahisi hivyo. Utafiti mwingine wa Marekani wa 1991 uliwapima wanawake 47 waliopewa maelezo mafupi ya mdomo. Karibu nusu tu ndio waliopatia, na robo walikaza kwa namna ambayo ingeweza kuzidisha tatizo. Ndiyo maana ni vyema kumwona mtaalamu wa fiziotherapia akuelekeze, badala ya kubahatisha na video za simu.

Ukiona damu kwenye mkojo, ukisikia maumivu au homa, au mkojo ukitiririka mfululizo baada ya kujifungua, usingoje mazoezi. Nenda hospitali.

Nawe kocha, msichana akiacha kamba katikati ya raundi na kwenda msalani, usimpigie kelele. Muache aende, arudi, aendelee.