Laptopu ikigoma kuwaka baada ya apdeti, usikimbilie kufomati

Ijumaa hiyo stima ilipotea mtaani Likii, hapa Nanyuki, mwendo wa saa tatu usiku. Hakuna aliyeshtuka. Tuliwasha mshumaa, mama akamalizia kukunja nguo, nami nikaenda kulala. Nilichosahau ni kwamba dakika kumi hivi kabla ya giza nilikuwa nimebofya “Update and shut down” kwenye laptopu, nikaiacha mezani ijimalizie kazi.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, zile tunaziita ex-UK, niliyoinunua Nairobi. Betri yake ni ya kubahatisha. Bila chaja haimalizi robo saa. Kwa hivyo ilizima apdeti ikiwa katikati.

Jumamosi asubuhi nikabonyeza kitufe. Nembo ikaja, vile vidoti vikaanza kuzunguka, vikazunguka weee, kisha skrini ikawa bluu na kile kiuso cha huzuni. Ikajizima, ikajiwasha, ikarudia yale yale.

Ingekuwa ni filamu na muziki tu, ningehuzunika kidogo nisonge mbele. Lakini ndani mlikuwa na hesabu za chama cha mama. Yeye ndiye mweka hazina. Wanachama ni akina mama kumi na wanane, wengi wao wachuuzi wa soko, na mwaka uliopita mimi ndiye niliyemshawishi aache daftari tuweke kila kitu kwa kompyuta: nani amechanga, nani amekopa, nani bado anadaiwa. Jumapili baada ya kanisa walikuwa wakutane kugawana pesa za mwaka mzima.

“Sasa mwanangu, nitawaambia nini?” mama akaniuliza. “Ati kompyuta imekula? Watasema ni mimi nimekula.”

Elfu moja mia tano

Nilifika mjini kabla maduka mengi hayajafunguliwa. Kijana mmoja mwenye kibanda karibu na steji aliitazama skrini kwa sekunde tano hivi.

“Hiyo Windows imekufa, bro. Tunafomati, nakuwekea mpya. Elfu moja mia tano, saa nane unakuja kuchukua.”

“Na mafaili?”

“Hayo yanaenda. Lakini itakuwa safi kama mpya.”

Nusura nikubali. Na hapa ndipo vijana wengi hupoteza picha, CV, kazi za chuo na hesabu za biashara, kwa sababu tukiona skrini haiwaki tunadhani kila kitu ndani kimekufa pamoja.

Kompyuta ina mambo matatu tofauti. Kuna mashine yenyewe, yaani diski, kumbukumbu, betri na kadhalika. Kuna mfumo endeshi, kama Windows, ambao ndio unaoiamsha mashine na kuiambia ifanye nini. Halafu kuna mafaili yako. Apdeti ikikwama njiani, kinachoharibika kwa kawaida ni mfumo. Mafaili huwa yamelala palepale yalipokuwa. Ni kama duka ambalo mwenye funguo hajafika: mlango umefungwa, lakini mali bado iko kwenye rafu. Kufomati ni kuimwaga mali yote nje ili ubadilishe kufuli.

Nilimshukuru yule kijana nikachukua laptopu yangu. Rafiki yangu mmoja alinielekeza kwa mzee ambaye alianza kwa kutengeneza redio, akaingia televisheni, na siku hizi meza yake imejaa kompyuta. Mzee hakuigusa mashine kwanza. Aliuliza maswali matatu: Ilizimaje? Ulikuwa unafanya nini? Ndani kuna nini ambacho huwezi kukipata kwingine?

Nikamweleza habari za chama. Akavuta kiti.

“Basi hapa hatufomati kitu, kijana. Keti uone.”

Hatua kwa hatua

Kwanza alichomoa kila kitu: maus, fleshi niliyokuwa nimeisahau pembeni, chaja. Akaniambia kuna watu wamelipia matengenezo kumbe kompyuta ilikuwa inajaribu kuwakia kwenye fleshi isiyo na mfumo. Akatoa betri, akashikilia kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha akarudisha betri na chaja. Bado skrini ya bluu.

Pili, akataka kujua kama mashine inaiona diski. Aliwasha huku akigonga kitufe cha kuingilia mipangilio ya ndani, ambacho kwenye mashine nyingi ni F2, F10, Esc au Del. Jina la diski lilikuwepo. “Hiyo ni habari njema,” akasema. Kama diski isingeonekana, au kama laptopu ingekuwa inapiga milio bila kuonyesha chochote, tatizo lingekuwa la mashine na tungefuata njia nyingine.

Tatu, alinifunza mbinu ambayo sikuijua. Unawasha, nembo ikitokea tu unashikilia kitufe cha kuwasha hadi izime. Unarudia. Windows ikiona imeshindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, safari inayofuata inakuletea ukurasa wa matengenezo wenyewe. Humo unachagua “Troubleshoot”, kisha “Advanced options”. Alijaribu kwanza “Startup Repair”. Ikafikiria kwa dakika kadhaa, ikasema imeshindwa.

“Sasa tunaiondoa hiyo apdeti yenyewe,” akasema mzee. Chaguo linaitwa “Uninstall Updates”. Linaondoa sasisho la mwisho na kuacha mafaili yako bila kuyagusa. Akabofya.

Ndipo skrini ikatuomba nambari 48.

Ufunguo uliokuwa kilomita 200 kutoka hapa

Mimi sikuwahi kuweka nambari yoyote. Mzee akanieleza kuwa kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa kufuli linaloitwa BitLocker. Kwenye mashine nyingi za Windows 11, ukiingia tu na akaunti ya Microsoft, kufuli hujifunga lenyewe na ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Ni jambo zuri laptopu ikiibwa, kwa sababu mwizi hawezi kusoma chochote. Lakini mashine ikipata hitilafu, hata wewe mwenyewe unaulizwa: wewe ni nani?

Nilitoa simu nikaingia kwenye akaunti yangu. Hakukuwa na ufunguo wowote. Moyo ukadunda.

“Nani alikuwekea hii Windows?” mzee akauliza.

Nikakumbuka. Siku niliyonunua, kijana wa dukani ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza. Aliingia kwa akaunti yake, akaweka programu zote, akanikabidhi ikiwa tayari. Nilimshukuru sana siku hiyo. Kumbe ufunguo wa hesabu za mama ulikuwa umelala kwenye akaunti ya mtu mwingine jijini Nairobi, kama kilomita 200 kutoka hapa.

“Na asipopatikana?” nikauliza.

“Asipopatikana ndio basi. Hata Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea mwingine.”

Bahati yangu ni kwamba mama hatupi risiti. Nilimpigia akaikuta kwenye bahasha ya stakabadhi, akanisomea nambari ya duka. Simu ya kwanza haikushikwa. Ya pili pia. Ya tatu ikashikwa.

“Bosi, nina laptopu nyingi sana kwa hiyo akaunti,” kijana akasema nilipomweleza. Kwenye orodha yake kulikuwa na funguo kadhaa, hakujua yangu ni ipi. Mzee akanionyesha mstari mdogo kwenye skrini yetu, wenye kitambulisho cha ufunguo. Nikamsomea herufi na nambari nane za mwanzo. Akatafuta, akaipata, akanitumia picha kwa WhatsApp.

Niliandika tarakimu zote 48 polepole, mzee akizikagua mmoja mmoja. Tukaondoa apdeti. Tukangoja. Chai iliyokuwa mezani ilipoa. Vidoti vikazunguka, na safari hii baada ya vidoti ikaja ile picha ya Mlima Kenya niliyoweka kwenye skrini. Kabla ya kufanya lolote lingine, nilinakili faili la chama kwenye fleshi. Mzee alitaka shilingi mia tano tu.

Hata wakubwa waliwahi kukwama

Usione haya yakikupata. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows kote duniani. Microsoft ilikadiria kuwa ni milioni 8.5. Viwanja vya ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zilibaki na skrini za bluu. Tiba haikuwa kufomati. Mafundi waliingia kwenye hali salama, yaani “Safe Mode”, wakafuta faili moja lenye kasoro, mashine baada ya mashine. Na mashine nyingi ziliwaomba ufunguo uleule wa tarakimu 48. Mwezi huohuo, sasisho moja la Windows lenyewe lilifanya baadhi ya kompyuta zianze kuuliza ufunguo wa BitLocker bila sababu, na Microsoft ikalirekebisha Agosti.

Usichukulie haya kuwa sababu ya kukataa apdeti. Ndizo zinazoziba mianya wanayopitia wezi wa mitandaoni. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hazifikii masharti ya Windows 11, kama vile kuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Watu wengi sasa wanalazimisha mfumo mpya kwenye mashine ya zamani. Ukiamua kufanya hivyo, nakili mafaili yako kwanza.

Fanya haya leo, kabla stima haijapotea

Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa BitLocker, uandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya laptopu yenyewe, maana hiyo ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Kama mashine uliwekewa na mtu, hakikisha inatumia akaunti yako. Mimi nilifungua kufuli lote, nikalifunga upya kwa akaunti yangu, ili ufunguo wa yule kijana wa dukani usifanye kazi tena.

Usianze apdeti betri ikiwa mbovu na mawingu yakiwa mazito. Fanya asubuhi, chaja ikiwa imechomekwa. Ikionekana imekwama, ipe saa moja au mbili kabla ya kuizima kwa nguvu. Mara nyingi bado inafanya kazi.

Mfumo ukikataa kabisa, kuna njia nyingine kabla ya kufomati. Fundi anaweza kuiwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux, kama Ubuntu au Mint, ambazo ni za bure, akanakili mafaili yako kwenye diski nyingine. Kama diski imefungwa, hata hapo ufunguo utahitajika.

Na ukifika kwa fundi, sentensi yako ya kwanza iwe: “Nataka mafaili yangu kwanza.” Akisema haiwezekani hata kabla ya kujaribu, mshukuru uende kwa mwingine.

Jumapili mama alienda mkutanoni na karatasi mbili nilizomchapia, kila mwanachama na hesabu yake. Pesa ziligawanywa, hakuna aliyenung’unika. Jioni alirudi na daftari jipya, gumu, la kurasa mia mbili. Siku hizi mimi naandika kwa kompyuta, naye anaandika kwa kalamu, na mwisho wa mwezi tunalinganisha. Ndani ya jalada la daftari hilo, kwa mwandiko wake, kuna tarakimu 48.