Bushishi husafisha tumbo, lakini zebaki je?

Msimu wa ukwaju ukifika, kina mama wengi wa Shinyanga huloweka tunda hilo tangu jioni. Asubuhi hukamua, huchuja, na maji yake ya kahawia huingia kwenye uji wa mtama au ulezi. Wasukuma huuita bushishi, na watoto wengi wa Kishapu na Kahama huijua ladha yake kabla ya kuanza shule. Mtoto akikosa choo siku mbili, bibi haulizi mtu. Anachukua kikombe.

India nako wanafanya vivyo hivyo. Mti wa ukwaju asili yake ni Afrika, ila umekaa India miaka mingi mno kiasi kwamba Waarabu waliliita tunda lake tende ya India. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, ukwaju hutumika kulainisha choo. Hapo bibi wa Kisukuma na mganga wa Kihindi wanakubaliana, na sayansi haiwapingi: asidi ya tunda hilo, chumvi zake za potasiamu na nyuzinyuzi huvuta maji kwenye utumbo na kulainisha choo.

Kinachowashangaza wengi ni vitamini C. Kwa kuwa ukwaju ni mkali, watu hudhani umejaa vitamini hiyo. Ukali wake unatokana na asidi nyingine. Gramu 100 za ukwaju zina takriban miligramu 3 hadi 4 tu za vitamini C, wakati chungwa lina zaidi ya 50. Anayetafuta vitamini C kwenye matunda ya porini amtafutie mtoto ubuyu, ambao unalizidi hata chungwa.

Lipo jambo jingine ambalo linaigusa Shinyanga moja kwa moja. Mkoa huu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako maji ya visima yana madini mengi ya floraidi, yale yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na, yakizidi kwa miaka mingi, huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mwaka 2002, watafiti wa taasisi ya taifa ya lishe ya India, mjini Hyderabad, walichapisha matokeo ya kuwalisha wavulana wa shule gramu 10 za ukwaju kila siku kwa siku 18. Floraidi iliyotoka kwenye mkojo wao iliongezeka.

Ni habari nzuri, lakini isikuzwe. Watoto wale walikuwa takriban 20 tu, na madoa yaliyokwisha kuingia kwenye meno hayaondoki kwa ukwaju. Kinga kubwa ni maji yenyewe. Tangu 2009, mradi wa Ziwa Victoria unaochukua maji Ihelele umefikisha maji ya ziwa Shinyanga na Kahama, na hayo yana floraidi kidogo. Familia yenye bomba la mradi huo na kisima karibu, basi maji ya mtoto yatoke bombani. Magadi ya kulainishia maharage nayo yapunguzwe, kwani mengi yana floraidi.

Sasa tuvuke kwenda Geita, ambako neno kusafisha lina uzito mwingine. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa kwenye mwalo, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha donge huchomwa. Mvuke unaopanda hauonekani wala haunuki. Ukichomewa jikoni au kwenye ua wa nyumba, mtoto huuvuta, nao hupita kwenye mapafu hadi kwenye damu na ubongo. Mjamzito akiuvuta, humfikia mtoto aliye tumboni. Rwamagasa, mkoani Geita, palichaguliwa zaidi ya miaka 20 iliyopita kuwa eneo la mradi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, kwa hiyo tatizo hili halikuanza jana.

Hapa ndipo bushishi unapofika mwisho. Kusafisha utumbo si kusafisha damu. Floraidi si zebaki, na kilichoonekana Hyderabad hakiwezi kuhamishiwa kwenye mvuke wa dhahabu. Hakuna ushahidi kwamba juisi ya ukwaju, maziwa au unga wa tunda lolote hutoa zebaki mwilini. Baba anayerudi na donge mfukoni akiamini kikombe cha jioni kitafidia, anamwachia mtoto deni.

Unga wa makopo unaouzwa kama dawa ya India ya kuondoa sumu unahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mzazi anaweza kununua kopo la kuondoa zebaki na kumnywesha mtoto zebaki. Kabla ya kufungua, aulize kama dawa hiyo imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kwa uji wa nyumbani mambo ni mepesi. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Anayeharisha asipewe ukwaju, apewe ORS na zinki. Mwenye homa apelekwe kupimwa malaria kwanza. Aliyemezeshwa ibuprofeni au aspirini asinyweshwe ukwaju wakati huohuo, kwani tunda hili huongeza kiasi cha dawa hizo kinachoingia kwenye damu. Na sufuria ya alumini isilale na ukwaju, asidi huila.

Kwa nyumba ya mchimbaji, donge lichomwe mbali na makazi, kwa chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Nguo za kazini zifuliwe peke yake, na karai la kuoshea dhahabu lisirudi jikoni hata likisuguliwa kwa majivu. Mtoto anayetetemeka mikono, au aliyebadilika tabia ghafla, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba nyumbani kunachomwa dhahabu.